Dakika Kumi na Moja za Viatu

Simu ilitetemeka mfukoni wakati anatembea kinyumenyume.

Kamera ya Sony begani, kilo nane. Mbele yake mgeni, nyuma yake hajui kuna nini. Labda ngazi. Labda mkokoteni wa mizigo. Ndiyo kazi ya mpiga picha wa televisheni hiyo: mgeni anakwenda mbele, wewe unakwenda nyuma, na Mungu ndiye kioo chako cha pembeni.

Akagusa kidude cha sikioni.

"Shangazi, shikamoo."

"Marahaba. Uko wapi, mwanangu?"

"Uwanja wa ndege. Kazini."

"Umevaa nini?"

"Nguo za kawaida tu."

"Zikung'ute. Zina chawa."

Mtu mwingine angejikuna. Yeye hakujikuna. Aliganda nusu sekunde, akakanyaga mguu wa mtu, akatukanwa, akaendelea kurudi nyuma.

"Na mama yako anataka picha ya ukoo," sauti ikaongeza. "Ukoo mzima. Kila uso."

"Atazipata."

Simu ikakatika.

Sasa elewa. Shangazi hakuwa shangazi wa mtu yeyote duniani. Alikuwa mkuu wa Idara, ile ambayo haina kibao mlangoni wala namba kwenye kitabu cha simu. Na chawa ni neno lenye maana moja tu: adui hayuko nje, yuko nguoni. Yuko humu humu, katikati ya wapiga picha kumi na wanne waliokuwa wanasukumana na kugombana mbele ya mlango wa wageni.

Kumi na wanne, ukimhesabu na yeye.

Wenzake walimwita Viatu. Idara nayo ilikuwa na jina lake, lakini hilo halisemwi.

Mgeni mwenyewe alikuwa mwanamke mfupi mwenye miwani, koti la mvua mkononi na bomba la plastiki la kubebea ramani kwapani. Watu walimwita Mhandisi tu. Ndani ya bomba lile kulikuwa na michoro ya bwawa la maji. Bwawa limejengwa na kampuni ya nje, ukuta wake una nyufa, na kampuni inajua. Chini ya ukuta wanaishi watu elfu themanini, wanapika, wanafua, wanapeleka watoto shule. Saa nne kamili asubuhi hiyo Mhandisi angesimama ukumbini na kusema yote mbele ya kamera, hadi jina la aliyebadilisha vipimo.

Kama angekuwa hai saa nne.

Viatu akageuza lenzi. Akapiga uso wa kwanza, wa pili, wa tatu, kama mtu anayechukua picha za kujazia habari. Mpaka kumi na tatu. Jasho linamwingia jichoni.

"We Viatu!" Fokasi akamfokea. Fokasi alikuwa mkongwe wao, miaka ishirini na sita ya kubeba kamera, bega moja limeshuka kuliko lingine kama mizani ya sokoni. "Mgeni yuko huku! Unatupiga sisi, sisi ndio tunaoshuka kwenye ndege?"

"Nakupenda tu, baba."

"Nipende ukiwa umekaa. Unaniziba."

Mhandisi akaingia kwenye gari jeusi. Milango ikafungwa. Viatu akabonyeza kitufe chekundu, akashusha kamera, akakimbilia gari la ofisi.

Saa mbili na dakika hamsini.

Ndani ya ile Noah ya ofisi, ripota wao alikuwa tayari anajitazama kwenye kioo cha simu. Walimwita Kipaza, kifupi cha kipaza sauti, maana hakukuwa na namna ya kumzima.

"Umenipata nilivyomkatia njia? Nilivyouliza lile swali? Mungu wangu, nilikuwa moto. Niambie umenipata."

"Nimekupata."

"Na nywele?"

"Na nywele zote."

Simu ikaita tena. Siyo Shangazi. MAMA.

"Leo nitakuona kwenye habari?"

"Mama, kila siku nakuambia. Mpiga picha haonekani."

"Miaka mitatu! Mimi majirani wananiuliza, huyo binti yako televisheni gani? Nawaambia yupo, nyuma. Nyuma wapi? Wanadhani unafagia."

"Mama, niko kazini."

"Ile kamba ya kiatu imekaa? Usiniletee uso huo, nyeusi haikuwepo. Kijani ni rangi pia."

Akatazama chini. Kiatu cha kushoto, kamba nyeusi. Cha kulia, kijani ya majani mabichi. Mama alikuwa amemfunga mwenyewe alfajiri, kama anakwenda darasa la kwanza.

"Imekaa, mama."

Akakata, akafungua kijioo cha kamera, akarudisha picha nyuma.

Sakafu.

Akasogeza mbele. Sakafu. Vigae vyeupe vya uwanja wa ndege. Kiatu. Kiatu kingine. Mguu wa tripodi ya kusimamishia kamera. Viatu. Viatu. Viatu.

"Hapana," akasema. "Hapana, hapana, hapana."

Kipaza akageuka taratibu. Lipstiki imesimama hewani.

"Usiniambie."

Hakumwambia.

"Dereva, simamisha gari nishuke nikafe! Karudia! Huyu mtu karudia!"

Dereva akacheka mpaka akabadilisha gia vibaya.

Kosa lenyewe ni hili, na hakuna aliyebeba kamera ya habari ambaye hajawahi kulifanya walau mara moja. Kitufe cha kurekodi ni kimoja. Ukibonyeza, inawaka. Ukibonyeza tena, inazima. Basi unatoa kamera garini kwa haraka, kiwiko kinagusa kitufe, inawaka bila wewe kujua. Tukio likianza, unabonyeza kuiwasha. Umeizima. Tukio likiisha, unabonyeza kuizima. Umeiwasha. Kamera inarekodi kila kitu usichokitaka, na kinachotakiwa hakimo hata kidogo. Taa nyekundu ingemwambia, lakini taa aliibandika utepe mweusi, kama Fokasi alivyomfundisha, ili watu wanaohojiwa wasigande wakiiona.

Mara ya kwanza ilikuwa wiki yake ya kwanza kazini. Alirudi ofisini na hotuba ya waziri. Yaani, na viatu vya waziri. Jina likaanzia hapo.

Idara ilimfundisha kulenga bastola ya Glock kwa mikono yote miwili. Ilimfundisha kuendesha gari bila taa na kunyamaza akipigwa. Hakuna aliyemfundisha kitufe chekundu.

Kidude cha sikioni kikalia.

"Picha za ukoo?"

"Hazikutoka, shangazi."

"Ngapi hazikutoka?"

"Nyuso zote."

"Una nini?"

"Nina viatu."



"Rudia."

"Viatu, shangazi. Vya ukoo mzima. Miguu tu."

Shangazi aliwahi kushikwa mateka siku tisa na hakuwapa watekaji hata jina lake. Sasa alikaa kimya kirefu kuliko siku zile.

"Mgonjwa anaingia chumba cha upasuaji saa nne," akasema hatimaye. "Vitambulisho vyote kumi na vinne ni safi. Kamera zote zimekaguliwa mlangoni, zinawaka, zinapiga picha. Sina cha kushika. Usiponipa chawa, namrudisha mgonjwa nyumbani."

"Ukimrudisha leo, kesho hatafika hospitali."

"Najua. Tafuta."

Kipaza alikuwa ameshika kifua. "Nani anapasuliwa?"

"Ndugu."

"Pole jamani. Ndugu anapasuliwa na wewe unamweleza mambo ya viatu?"

Viatu alikuwa ameinamia kijioo, amekifunika kwa koti jua lisiingie. Dakika saba kabla ya mgeni kutoka, dakika nne baada ya hapo. Kumi na moja jumla. Gari linarukaruka.

Tuone basi.

Saba za kwanza, wapiga picha wanasubiri. Kamera yake ilikuwa inaning'inia mkononi, inatazama chini. Buti za Fokasi, zimefungwa gundi ya plasta puani. Raba nyeupe zilizokuwa nyeupe enzi hizo. Makubazi, ya yule wa kituo cha jirani mwenye kidonda cha kisigino. Vyote vimelika upande mmoja. Upande wa kulia. Ndiyo, kwa sababu kamera inakaa bega la kulia, na uzito unashuka mgongoni, unashuka nyongani, unashuka mpaka kisigino cha kulia kinaisha kama sabuni. Hata yeye. Miaka mitatu tu, na kisigino chake kimeshaanza kupinda.

Jozi kumi na mbili, zimepinda.

Jozi ya kumi na tatu ilisimama wima kama matofali mawili.

Ngozi ya kahawia. Soli nyembamba, haina hata mkwaruzo. Kamba zimefungwa mafundo mawili, sawasawa, kama zimepimwa kwa rula.

Akakisogelea kijioo.

Akarudisha nyuma. Akatazama tena. Hapo ndipo alipoona la pili. Wapiga picha hutupa tripodi chini kama kuni. Inaangushwa, inapigwa teke ifunguke, inaburuzwa. Kwenye picha zilisikika zikilia pa, pa, pa, moja baada ya nyingine. Halafu viatu vya kahawia vikaja. Magoti yakapinda. Mikono miwili ikashuka. Tripodi ikalazwa chini taratibu, mkono mmoja umeshikilia sehemu ya juu, kama mtu anamlaza mtoto mchanga.

Nani anabembeleza chuma?

Mwenye kitu ndani ya chuma.

"Shangazi," akanong'ona. "Chawa amevaa kahawia. Miguuni. Kitu kiko kwenye tripodi."

"Uso?"

"Sina uso."

"Saa tatu na dakika ishirini na tano," sauti ikasema, na kukata.

Ukumbi ulikuwa mkubwa na wa baridi, viti vya bluu, zulia jipya linalonuka gundi. Mbele, meza ndefu na kisimamio cha kuhutubia. Nyuma kabisa, jukwaa la mbao la wapiga picha, kimo cha goti, limezungushiwa kitambaa cheusi. Tripodi kumi na tatu zimebanana juu yake bega kwa bega. Nyaya, mabegi, chupa za maji, mabetri, makoti.

Miguu haionekani. Hata mmoja.

Viatu alisimama chini ya jukwaa na tripodi yake ya Manfrotto begani, akatamani kulia. Kutoka chini unaona vifua na kamera. Kutoka juu umebanwa, huwezi kuinama bila mtu kukuuliza umepoteza nini. Na ukianza kuchungulia miguu ya watu mmoja mmoja, yule mmoja atajua. Ataharakisha. Au atapotea, arudi kesho, keshokutwa.

Saa tatu na dakika arobaini.

Mlangoni walisimama wanaume wawili wa Idara wamevaa fulana za huduma ya kwanza. Walimtazama. Akawatikisia kichwa kidogo. Bado.

Fikiri. Fikiri, mtoto wa mama.

Halafu akatabasamu peke yake.

Akapanda jukwaani. Akasimamisha tripodi yake pembeni. Akaishika kamera kwa mpini wa juu, akaiacha ining'inie, lenzi chini nyuma yake, kijioo kimegeuzwa juu kumwelekea. Akabonyeza kitufe chekundu. Akaanza kupita nyuma ya wenzake kuelekea upande wa pili, anaruka nyaya, anaomba njia.

"Samahani. Samahani, kaka. Natafuta soketi."

Buti. Raba. Makubazi.

"Viatu!" Yule wa makubazi alikuwa ameona. "We Viatu, kamera yako inarekodi!"

Jukwaa zima likageuka.

"Wapi?" Akajifanya kushtuka. "Aa, jamani!"

"Karudia! Uwanja wa ndege tu nimesikia kapiga dakika kumi na moja!"

"Nani kakuambia?"

"Kipaza katangaza mpaka kwa walinzi!"

Wakacheka. Fokasi akacheka mpaka akashika tripodi ya jirani. "Mwanangu, wewe fungua duka la Bata. Kazi hii inakutesa bure."

"Nicheke, baba. Siku yako inakuja."

Na huku wanamcheka, akaendelea kupita, kamera inaning'inia, uso umejaa aibu ya kuigiza. Hakuna anayemwogopa mtu anayechekwa. Kiatu cheusi. Raba. Raba.

Kahawia.

Soli nyembamba. Mafundo mawili.

Akainua macho polepole.

Mtanashati, wa makamo, shati limenyooka, kitambulisho cha kituo cha nje kifuani. Naye alikuwa anacheka na wenzake. Anacheka vizuri kabisa. Sekunde moja tu baada ya wengine.

Viatu akatazama tripodi ya mtu huyo.

Kila tripodi ina mkono mrefu wa kugeuzia kamera. Bomba la chuma, urefu wa kutoka kiwiko mpaka vidole. Unatokea nyuma, kuelekea kifuani kwako, kwa sababu unaushika ukiwa umesimama nyuma ya kamera. Mikono kumi na miwili ilielekea vifua vya wenyewe.

Wa huyu ulielekea mbele. Umepita chini ya lenzi, sambamba nayo, umenyooka kama kidole kinachosonta.

Unasonta kisimamio cha kuhutubia.

Saa tatu na dakika hamsini na mbili.

Bado hakuwa na hakika. Wapo wapiga picha wa ajabu, wapo wenye viatu vipya. Ukimwangusha asiye na hatia mbele ya kamera kumi na tatu, miaka mitatu ya kujificha imekwisha, na chawa halisi anakuangalia tu.

Fokasi akamwokoa bila kujua.

Alikuwa ameshuka jukwaani, amekwenda mpaka kwenye kisimamio, na sasa ameinua juu ya kichwa karatasi nyeupe kubwa, kama anavyofanya kabla ya kila mkutano. Ni desturi yao. Mmoja anakwenda mbele kwa niaba ya wote, kila mtu anavuta karatasi ile ijae kwenye kioo, anabonyeza kitufe chini ya lenzi, na kamera inafundishwa: mwanga wa humu, weupe ndio huu. Usipofanya hivyo, mgeni wako anatoka wa bluu kama maiti, au wa chungwa.

"Karatasi!" Fokasi akapaza sauti. "Haya, watoto, weupe! Anayetaka kumpiga Mhandisi kijani shauri yake!"

Mikono ikaenda kwenye lenzi. Viatu hakuangalia karatasi. Aliangalia mikono.

Kumi na mmoja wakabonyeza.

Mkono wa kumi na mbili ulibaki pale pale, kwenye lile bomba, kidole gumba juu ya kifuniko cha nyuma.

Huyu hakuja kupiga picha.

"Nimempata," akanong'ona. "Wa tatu kutoka kushoto. Mkono wa tripodi ni bunduki."

"Namtoa mgonjwa."

"Hapana."

"Hilo si ombi."

"Shangazi, yuko mlangoni tayari. Mkirudi naye sasa hivi huyu ataona, na mlango uko ndani ya shabaha yake. Niachie. Ni kazi yangu hii."

"Kazi ipi? Yangu au ya televisheni?"

"Ya televisheni."



"Mtoe huyo chawa," Shangazi akasema.

Milango ikafunguka. Mhandisi akaingia na bomba lake la ramani kwapani. Watu wakasimama, wakapiga makofi, ukumbi mzima ukanguruma. Makofi ya kutosha kufunika mlio wowote. Aliyepanga alikuwa amelipanga na hilo.

Viatu aliizima kamera yake, akaichomeka kwenye tripodi, akaiacha, akajipenyeza nyuma ya mgongo wa Mtanashati. Harufu ya manukato. Shingo kavu, haina tone la jasho.

Mhandisi akapanda hatua ya kwanza. Ya pili.

Kitu kimoja huyu bwana hakukijua, na hata mwanafunzi wa siku ya tatu anakijua. Kichwa cha tripodi kina nati pembeni. Ukiilegeza, usiachie kamera. Lenzi ni nzito, na uzito uko mbele. Ukiachia, kamera inasujudu, pwaa, pua chini. Kila mpiga picha ameshawahi kuvunja lenzi hivyo, au ameshawahi kumlilia aliyevunja. Ndiyo maana wa kweli hata akipiga chafya mkono wake mwingine unakuwa juu ya kamera.

Huyu mkono wake mwingine ulikuwa mfukoni.

Mhandisi akafika kwenye kisimamio. Akavua miwani, akaifuta. Makofi yakapanda.

Kidole gumba kikakaza.

Viatu akanyoosha mkono, akaizungusha nati nusu mzunguko.

Kamera ikasujudu.

Bomba likasujudu nayo.

Tssk.

Sauti ndogo, kama soda inafunguliwa. Tundu jeusi likatokea kwenye ngozi ya kahawia, juu kidogo ya mafundo mawili.

Hakupiga kelele. Hapo ndipo Viatu alipojua amepambana na mtu wa kazi. Alifumba macho tu, akafumbua, na mkono ukatoka mfukoni na kisu cha kauri, cheupe, chembamba kama mfupa wa samaki. Ukaja chini chini, kwenye mbavu.

Akausukuma pembeni kwa kiwiko. Kisu kikachana koti. Mkono wake wa kulia ukapapasa nyuma, ukapata kitu alichokijua hata gizani: betri ya kamera. Kilo moja kamili, ngumu kama tofali.

Akampiga nayo kwenye kifundo cha mkono. Kisu kikadondoka.

Jukwaa likatikisika.

"Msitikise jukwaa!" mtu akanong'ona kwa hasira, jicho halijatoka kwenye kamera.

Mtanashati akainama kuchukua kisu. Viatu akaukanyaga mkono. Kwa nguvu zote. Akamshika ukosi kwa nyuma, akambana kwenye tripodi, akampiga tena, nyuma ya sikio. Mbao zikalia.

"Nani huyo anacheza? Picha yangu inaruka!"

"Samahani, kaka," Viatu akahema.

"Viatu, nitakuja kukunyonga!" Hii ilikuwa sauti ya Fokasi, hatua mbili tu upande wa kulia. Tripodi yake ilikuwa imeyumba, naye akaidaka kamera isianguke, akaikumbatia, lenzi chini, akilaani ukoo wa kila mtu. "Niko mubashara mimi! Niko hewani!"

Makofi yakaisha.

Ukumbi ukatulia. Mtanashati alikuwa amelala kati ya mabegi, shavu juu ya nyaya, kama mtu aliyechoka na safari. Wanaume wawili wa fulana za huduma ya kwanza walikuwa wameshafika na machela.

"Nini?" yule wa makubazi akauliza bila kugeuka.

"Kazimia. Joto."

"Joto? Humu mimi natetemeka."

"Basi baridi."

Wakambeba. Tripodi wakaikunja, wakaipeleka nayo, taratibu, kama wanambeba mtoto mchanga.

Kisimamioni, Mhandisi akavaa miwani. Hakuwa ameona kitu. Akafungua bomba lake, akautoa mchoro wa kwanza, akaunyoosha mbele ya kamera zote.

"Ukuta wa bwawa hili una nyufa kumi na saba," akasema. "Nitazitaja moja moja."

Viatu alikuwa amerudi nyuma ya Sony yake. Akabonyeza kitufe chekundu. Akasita. Akaubandua ule utepe mweusi kwa kucha.

Taa nyekundu. Inawaka.

Akaangalia mara tatu.

Saa nane mchana, chumba cha kuhariria. Mhariri alikuwa na sauti ya king'ora na leo alikuwa nayo yote.

"Mahojiano safi! Ukumbi safi! Kampuni imeshaanza kukana, Bunge linakutana kesho, watu wa bondeni wanahamishwa leo leo! Sasa niambie, mgeni aliingiaje nchini? Alidondoka kutoka mbinguni? Uwanja wa ndege uko wapi?"

"Una viatu," Kipaza akasema, amejikunja kwa kicheko.

"Nitafanya nini na viatu?"

"Mimi nilivitumia," Viatu akasema.

"Kufanyia nini?"

"Kujifunzia."

Mhariri akautupa mkono hewani. Barua ya onyo ilikuwa mezani tayari, imeandikwa, inasubiri sahihi. Ya pili katika miaka mitatu. Viatu akaisaini bila kuisoma.

Kwenye korido akakutana na Fokasi anatoka kwenye lifti. Amekuja kuazima lenzi, kasema, lakini uso ulikuwa mrefu.

"Na mimi nimeitwa ofisini kwetu," akasema. "Sekunde tatu. Mubashara. Nchi nzima. Unajua nilirusha nini?"

"Nini, baba?"

"Miguu!" Akashika kichwa. "Miaka ishirini na sita! Na sasa wananiita Viatu Mkubwa."

Viatu akacheka, hakuweza kujizuia. Halafu cheko likamkauka mdomoni.

Miguu ya nani?

Kidude cha sikioni kikalia.

"Mjomba amelazwa," Shangazi akasema. "Kidonda cha mguu. Anaongea vizuri tu, ametaja waliomtuma wote. Mgonjwa wetu anakunywa chai. Ule mkanda wa viatu. Utaletwa huku. Tutawafundishia wageni wa kazi."

"Asante, shangazi."

"Usirudie."

"Kipi? Kukosea au kukataa amri?"

Simu ilikuwa imeshakatika. Ikaita tena hapo hapo.

MAMA.

"Nimekuona!"

Viatu akasimama katikati ya korido.

"Umeniona wapi, mama?"

"Kwenye habari! Siyo kituo chenu, kile kingine. Huyo mama anaingia na miwani yake, mara pwaa, viatu! Nikasema yule ni mwanangu! Nimeita jirani, nimeita na mume wake."

"Mama, viatu kama vile viko vingi."

"Viko vingi, ndiyo. Na vyenye kamba ya kijani mguu wa kulia ni vingapi? Niliifunga mimi." Sauti ikashuka, ikawa ile ya utotoni, ile ya mlangoni na mwiko mkononi. "Sasa mbona ulikuwa umemkanyaga mtu mkono?"

Fokasi alikuwa anapita. Akamtazama usoni. Akatazama kiatu cha kulia. Akatazama tena usoni, muda mrefu kidogo, kama mtu anayetafuta fokasi. Halafu akakohoa, akageukia ukutani, akaanza kusoma tangazo la kuzima moto.

"Kulikuwa kumejaa, mama."

"Hata kama kumejaa. Ukimkanyaga mtu unaomba radhi. Ulimwomba?"

"Nilisema samahani. Kila mtu alisikia."

"Haya. Njoo mapema."

Akaweka simu mfukoni. Akainama. Akaivuta kamba ya kijani, tundu baada ya tundu, taratibu, akaizungusha kidoleni, akaitia mfuko wa ndani wa koti, palipochanika kwa kisu.

Halafu Viatu akajitwisha kamera begani, la kulia, akashuka ngazi kuelekea kazi ya saa tisa, kiatu kimoja kikiburuza.